Sarufi ya Kiingereza na Mitihani ya Mchujo: Songo Songo na Pwani ya Kilwa, 1919–2023

Utangulizi

Kisiwa cha Songo Songo kimo katika funguvisiwa lililo mbele ya pwani ya Kilwa, mkoani Lindi. Katika maandishi ya uchumi wa Tanzania jina lake limefungamana na gesi asilia, ambayo iligunduliwa huko mwaka 1974 na kuanza kusafirishwa hadi Ubungo, Dar es Salaam, mwaka 2004. Bomba linaloisafirisha lina urefu wa kilomita zipatazo 232, na kilomita 25 kati ya hizo zimelazwa chini ya bahari hadi Somanga. Katika maandishi ya historia ya elimu kisiwa hicho hakitajwi. Kutotajwa huko kunaeleweka: historia ya elimu ya Tanzania imeandikwa zaidi kutoka kwenye shule zilizotoa viongozi, nazo nyingi zilikuwa Kilimanjaro, Bukoba, Tabora, Pugu na Minaki. Kisiwa cha wavuvi kilichotazama shule hizo kutoka ng'ambo ya maji hakikuwa na mengi ya kuwapa waandishi hao.

Hata hivyo, ni mahali pa namna hiyo panapoonesha vizuri kazi iliyofanywa na somo la Kiingereza katika mitihani ya mchujo. Kwa takribani karne moja, mtoto wa pwani ya Kilwa aliyetaka kuendelea na masomo alitakiwa kuthibitisha, pamoja na mambo mengine, kwamba anaweza kupanga na kugeuza sentensi za lugha ambayo hakuisikia nyumbani, sokoni, msikitini wala chomboni. Swali la insha hii ni jinsi uwezo huo ulivyofanywa kuwa kipimo, na ni nani aliyenufaika au kudhurika kipimo kilipobadilishwa. Hoja inayotetewa ni kwamba maswali ya sarufi, yaliyolaumiwa sana na wataalamu kwa kuwafanya watoto wakariri, yalikuwa na upande mmoja wa haki ambao lawama hizo hazikuuona: yaliweza kufundishika kwa chaki na ubao peke yake. Dhuluma ya mfumo ilikuwa mahali pengine, katika kile kilichomngoja mtoto baada ya kufaulu.

Uchunguzi umejengwa juu ya maumbo ya mitihani, sera za lugha na hali ya jiografia ya eneo, na haukujengwa juu ya matokeo ya shule moja moja.

Pwani iliyojua sarufi kabla ya Kiingereza

Ni kosa kuanza historia hii kana kwamba elimu ya maandishi iliingia Kilwa pamoja na Wazungu. Miongoni mwa maandishi ya kale zaidi ya Kiswahili yanayojulikana ni barua za mwaka 1711 zilizoandikwa na watu wa Kilwa kwa hati za Kiarabu, ambazo zimehifadhiwa Goa. Istilahi zenyewe zinashuhudia jambo hilo. Neno sarufi na neno nahau yote mawili yametoka katika majina ya taaluma mbili za Kiarabu, ile ya maumbo ya maneno na ile ya mpangilio wake katika sentensi. Wanazuoni wa pwani walisoma taaluma hizo kwa kutumia, pamoja na vitabu vingine, matini fupi ya Ajurrumiya, ambayo mwanafunzi aliihifadhi kichwani kwanza kisha akafafanuliwa na mwalimu.

Utaratibu huo wa kuhifadhi kwanza na kuelewa baadaye unastahili kukumbukwa, kwa sababu mtoto wa pwani aliingia shule ya serikali akiwa ameshapitia chuo cha Kurani. Alikwishazoea kusoma kwa usahihi mkubwa maneno ya lugha asiyoizungumza. Maafisa wa elimu wa kikoloni walikuwa na tabia ya kuuona uzoefu huo kuwa kasoro. Katika mazingira ya mtihani wa sarufi, kwa kweli, ulikuwa mtaji.

Utawala wa Wajerumani haukukibadilisha sana Kiswahili kuwa lugha ya pili. Uliandika amri zake kwa Kiswahili, ukawaajiri maliwali, maakida na makarani walioweza kuisoma lugha hiyo, na shule zake za pwani, kuanzia ile ya Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, zilifundisha hati za Kirumi. Kwa mtu wa Kilwa Kivinje, mji uliokuwa makao ya utawala katika eneo hilo, cheo kiliweza kupatikana kwa lugha yake mwenyewe. Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905 katika vilima vya Matumbi nyuma ya pwani hiyo hiyo, viliharibu mengi, lakini havikuiondoa nafasi hiyo ya Kiswahili.

Mabadiliko yalikuja na Waingereza. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Kiswahili kilibaki kuwa lugha ya madarasa ya chini na ya utawala wa chini, na mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ili kukisanifisha. Kiingereza kiliwekwa juu yake, kama ghorofa juu ya nyumba. Karani wa ofisi kuu, mwalimu wa daraja la juu, mganga msaidizi, wote walipaswa kukipata. Katika mfumo ulioimarishwa na mpango wa elimu wa miaka kumi ulioanza mwaka 1947, mtoto alisoma miaka minne ya awali, akachujwa, akasoma miaka minne ya shule ya kati, akachujwa tena. Kila mchujo ulipopandishwa juu, uzito wa Kiingereza ulizidi.

Hapo ndipo jiografia ya dini na ya misheni ilipoanza kuamua. Katika kusini, shule zilizokuwa na walimu wa Kiingereza kwa uhakika zilikuwa bara: Chidya, chini ya misheni ya Kianglikana, na Ndanda, chini ya Wabenediktini. Benjamin Mkapa, aliyezaliwa mwaka 1938 katika eneo la Masasi, alipitia Ndanda, Kigonsera na Pugu, kisha akahitimu shahada ya Kiingereza Makerere mwaka 1962. Mtoto wa rika lake katika kisiwa cha Kilwa hakuwa na njia ya namna hiyo. Wazazi wengi wa pwani walikuwa Waislamu na hawakuwa tayari kuwapeleka watoto wao katika shule za misheni, na serikali haikujenga za kutosha kufidia. Kwa hiyo ukosefu wa Kiingereza katika pwani ya Kilwa ulitokana na mgawanyo wa shule, na madai kwamba watu wa pwani hawakupenda elimu, ambayo yamerudiwa mara nyingi mno, hayana budi kupimwa dhidi ya ukweli huo.

Asilimia kumi na tatu

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, shule zote za sekondari za Tanganyika zilikuwa na wanafunzi wasiofika 12,000. Mwaka 1967, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaja kwamba takribani asilimia 13 tu ya watoto wa shule za msingi wangepata nafasi ya sekondari. Andiko hilo lililalamikia elimu inayowaandaa wote kwa ajili ya mtihani utakaowafaa wachache. Lilitaka mtihani ushushwe hadhi. Mwaka huo huo Kiswahili kikafanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi, na Kiingereza kikabaki somo.

Kwa mtoto wa Songo Songo huu ulikuwa ushindi mkubwa kuliko inavyokumbukwa. Hisabati, jiografia, siasa na sayansi zilikuja kwake kwa lugha ya mama, jambo ambalo mtoto wa Bukoba au Mbulu hakulipata. Lakini kwa kuwa nafasi za sekondari hazikuongezeka kwa kasi ya walioingia Darasa la Kwanza, mtihani haukushuka hadhi hata kidogo. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilileta Elimu ya Msingi kwa Wote, iliyolengwa kukamilika mwaka 1977. Madarasa yakajaa. Ili kupata walimu, vijana wengi waliomaliza Darasa la Saba walifunzwa kazini na kupewa madarasa. Walifanya kazi ya kuheshimika katika kufuta ujinga wa kusoma na kuandika, ila Kiingereza walichokuwa nacho ni kile kile walichokipata katika miaka saba ya somo moja la siku.

Wakati huo huo mtihani ulitaifishwa. Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, na Baraza la Mitihani la Tanzania likaundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Kazi ya taasisi ya namna hiyo ni ngumu kwa sababu ya wingi. Karatasi za watoto wa nchi nzima hupaswa kusahihishwa ndani ya majuma machache, kwa usawa, na msahihishaji wa karatasi ya Kilwa asiwe mkali kuliko wa karatasi ya Moshi. Insha ya mtoto haisahihishwi kwa usawa wa namna hiyo. Swali la kuchagua herufi moja kati ya nne au tano husahihishwa. Kitu gani katika Kiingereza kinaweza kuulizwa kwa herufi? Umbo la kitenzi, kihusishi kinachofaa, sehemu ya mwisho ya swali, mpangilio sahihi wa sentensi zilizovurugwa. Mahitaji ya usahihishaji yaliielekeza karatasi kwenye sarufi kabla ya nadharia yoyote ya ufundishaji kusema neno, na mwelekeo huo ulikamilika mwaka 2012 majibu ya Darasa la Saba yalipoanza kusomwa na mashine.

Serikali, kwa kutambua tofauti za maeneo, iligawa nafasi za sekondari kwa mikoa. Mgao huo uliisaidia Lindi. Ulikuwa pia na athari katika lugha ya kila siku ambayo mtafiti hapaswi kuipuuza: watu walisema mtoto "amefaulu" wakimaanisha kwamba amechaguliwa. Aliyepata alama nzuri lakini akakosa nafasi alihesabiwa kuwa amefeli, na wengi waliendelea kujihesabu hivyo maisha yao yote.

Sentensi zenyewe

Ili kuelewa kilichokuwa kinapimwa, inafaa kuziangalia sentensi zenyewe, kwa mifano iliyoundwa kwa kufuata aina za maswali yaliyozoeleka katika karatasi za Darasa la Saba na, kwa umbo la kuandika upya, za Kidato cha Nne.

Aina ya kwanza ni kugeuza kauli halisi kuwa kauli ya taarifa. Kiswahili husema, Juma alisema kwamba atakuja. Kiambishi -ta- hakiguswi, kwa sababu wakati wa kuja unahesabiwa kuanzia pale aliposema Juma. Kiingereza hutaka kitenzi cha pili kirudi nyuma pamoja na cha kwanza: "Juma said that he would come." Mtoto anayefikiri kwa usahihi kamili katika Kiswahili ataandika "will", na atakosa alama kwa sababu ya kufikiri vizuri. Dawa iliyotolewa ubaoni ilikuwa jedwali la mabadiliko, leo huwa siku ile, hapa huwa pale, "will" huwa "would", nalo lilikaririwa kwa sauti ya pamoja.

Aina ya pili inahusu wakati na hali ya kitenzi. Mwalimu hufundisha kwamba -me- ni sawa na "has" au "have". Kwa vitenzi vingi kanuni hiyo hufaa. Haifai kwa amelala, amesimama, amevaa, amekaa, ambavyo katika Kiswahili hueleza hali iliyopo sasa. Bibi amelala ni "Grandmother is asleep", na Asha amevaa kanga ni "Asha is wearing a khanga". Hapa kanuni ya ubaoni yenyewe ndiyo inayompoteza mtoto, na anayeifuata kwa utiifu ndiye anayekosea.

Kisha kuna vihusishi, eneo ambalo watahini hawakulichoka. Kiambishi -ni cha mahali kinabeba kazi nyingi peke yake. Mtoto yupo shuleni, anakwenda shuleni, ametoka shuleni. Neno ni moja na kitenzi ndicho kinachoeleza mwelekeo. Kiingereza huigawa kazi hiyo kwa "at", "in", "to" na "from", tena kwa mazoea ambayo mara nyingi hayana kanuni. Kinyume chake, palipo na tofauti ambayo Kiswahili huitunza kwa uangalifu, kati ya mtendaji na kifaa, kama katika samaki amekatwa na mvuvi kwa kisu, mtoto alikuwa na msingi mzuri wa kuelewa "by" na "with". Mbinu ya kufundisha Kiingereza kwa Kiingereza peke yake, iliyopendekezwa kwa muda mrefu, haikutoa nafasi ya kuutumia msingi huo.

Mfano mwingine ni ule wa "too". Msemaji wa Kiswahili husema, chombo hiki ni kidogo mno, hakiwezi kutubeba sote. Ukanushi umetamkwa waziwazi. Katika "This boat is too small to carry us all" ukanushi umefichwa ndani ya neno moja. Mtoto huona kwamba kitu kimekosekana na huongeza "cannot", au huunganisha miundo miwili na kuandika "too small that". Vivyo hivyo kwa ingawa na lakini: Kiswahili huviruhusu kukaa katika sentensi moja, ingawa alikuwa mgonjwa lakini alikwenda baharini, na Kiingereza sanifu hukataa "but" baada ya "although". Alama nyingi zimepotea kwa neno hilo moja.

Sentensi za masharti zilikuwa na historia ya pekee. Vitabu vya sarufi ya Kiswahili hutofautisha -nge- na -ngali-, la kwanza kwa linalowezekana bado na la pili kwa lililokwisha pita. Wasemaji wengi wa leo hutumia -nge- kwa yote mawili. Kwa hiyo mtoto aliyetakiwa kutenganisha "If I had a boat" na "If I had had a boat" alikuwa anaombwa tofauti ambayo lugha yake inayo vitabuni, na ambayo mwalimu wa Kiswahili, katika kipindi kilichotangulia siku hiyo hiyo, angeweza kumfundisha. Walimu wa masomo hayo mawili katika shule ndogo mara nyingi ni mtu mmoja. Muhtasari haukumwambia aunganishe.

Katika aina hizi zote, jambo moja ni la wazi. Kila kosa lina sababu, na sababu hiyo ni sarufi ya Kiswahili inayofanya kazi sawasawa. Na kila kosa lingeweza kurekebishwa bila kinasa sauti, bila mzungumzaji wa Kiingereza na bila maktaba. Sehemu za mwisho za maswali ni ushahidi mzuri. Kiswahili kina sivyo moja kwa sentensi zote. Kiingereza kina nyingi. Lakini kanuni yake inaweza kuandikwa katika mistari minne, na aliyeishika mistari hiyo katika kisiwa hupata alama sawa na mtoto wa balozi.

Wakosoaji na kile wasichokipima

Upinzani dhidi ya hali ya Kiingereza shuleni uliandikwa mapema. Utafiti wa Mlama na Matteru, uliochapishwa na Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1978, ulionesha haja ya kutumia Kiswahili kufundishia katika elimu ya juu. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiingie sekondari kuanzia mwaka 1985 na vyuo vikuu kuanzia mwaka 1992. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Mwaka 1984 Criper na Dodd, waliofanya uchunguzi kwa msaada wa Uingereza, waliona kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakiwezi Kiingereza kwa kiwango cha kufundishwa masomo mengine. Matokeo ya uchunguzi huo yangeweza kuunga mkono pendekezo la Makweta. Badala yake yalizaa mradi wa kuimarisha Kiingereza, ulioleta vitabu vya kusoma kwa ziada katika sekondari. Wanaisimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Martha Qorro na Casmir Rubagumya, waliendelea kuuhoji uamuzi huo kwa miaka mingi, na hoja zao hazijajibiwa ipasavyo.

Wakosoaji hao walikuwa sahihi kwamba mtoto anayejua kugeuza sentensi hajui lazima kuzungumza wala kuandika. Mtaala wa mwaka 2005, uliojengwa juu ya umahiri, uliifuata fikra hiyo na kusisitiza mawasiliano, mjadala na matumizi ya lugha katika mazingira halisi. Kwa upande wa ufundishaji uamuzi huo unatetewa kwa urahisi. Swali ambalo halikuulizwa ni la kihistoria: mazingira halisi ya Kiingereza yalikuwa wapi mwaka 2005? Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ilikuwa imefungua mlango kwa shule binafsi za msingi zinazofundisha kwa Kiingereza, nazo zilizidi Dar es Salaam, Arusha na Moshi. Mtoto wa shule hizo alikisikia Kiingereza saa nane kwa siku. Kadiri mtihani unavyopima ufasaha wa jumla, ndivyo unavyopima anwani ya mzazi. Kadiri unavyopima kanuni zilizotangazwa katika muhtasari, ndivyo mwalimu mmoja mwenye bidii katika shule ya mwisho wa barabara anavyoweza kuupunguza umbali huo.

Hoja hii isichukuliwe kuwa utetezi wa kukariri. Mwalimu mwenye bidii alihitaji kuwepo, na kuwepo kulikuwa jambo la kubahatisha. Hadi Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003, barabara ya kusini ilikatika wakati wa masika, na wilaya ya Kilwa ilikaa majuma kadhaa bila kufikika kwa gari. Kwa Songo Songo kulikuwa na bahari juu ya hayo. Kitabu kilichochelewa Kilwa Masoko kilichelewa mara mbili kisiwani. Aidha, umri wa kuanza Kiingereza umebadilishwa mara kadhaa: Darasa la Tano chini ya Waingereza, baadaye madarasa ya chini, kisha Darasa la Tatu katika mtaala wa stadi za kusoma, kuandika na kuhesabu ulioanza mwaka 2015. Mtihani wa mwisho ulibaki vile vile mwanzo ulipokuwa unahamahama.

Kilichomngoja aliyefaulu ndicho kizito zaidi. Mtoto aliyechaguliwa kwa sababu alijua kanuni arobaini za Kiingereza aliingia Kidato cha Kwanza na kukuta biolojia, historia, fizikia na uraia vyote kwa Kiingereza. Faida ya lugha ya mama aliyokuwa nayo kwa miaka saba iliondolewa kwa siku moja. Mpango wa maendeleo ya sekondari ulioanza mwaka 2004 ulisambaza sekondari za kata na kuongeza nafasi kwa wingi, ila ulizifungua kwa lugha ile ile na kwa upungufu mkubwa wa walimu. Katika mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka 2012 takribani asilimia 60 ya watahiniwa walipata daraja sifuri, matokeo yakaundiwa tume na kupangwa upya. Mjadala wa wakati ule ulihusu viwango vya ufaulu. Lugha ya karatasi ilijadiliwa kando.

Gesi na Kiingereza kilichofika kisiwani

Uamuzi wa kuijenga miundombinu ya gesi ulitekelezwa katika kipindi cha urais wa yule yule mhitimu wa Kiingereza kutoka Masasi. Pamoja na mitambo, kisiwa kilipata umeme, na kwa mara ya kwanza Kiingereza kikawa na kazi mbele ya macho ya watoto. Mkataba wa uzalishaji wa mwaka 2001 uliandikwa kwa Kiingereza. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015, yenye vifungu vya kuwapa Watanzania nafasi katika sekta hiyo, iliandikwa kwa Kiingereza pia. Mvuvi aliyetaka kujua ni haki gani anazo kuhusu kazi inayofanyika umbali wa kutembea kutoka kwake alihitaji msomaji.

Kiingereza hiki hakikufanana na kile cha mtihani. Maelekezo ya usalama katika mtambo huandikwa kwa vitenzi vya amri na kwa sentensi fupi za kauli ya kutendwa, bila "too" wala "although". Mtu mwenye cheti cha Kidato cha Nne na alama ya wastani angeweza kuyasoma baada ya mafunzo ya miezi michache. Hata hivyo cheti ndicho kilichohesabiwa mlangoni, na cheti kilipatikana kupitia sentensi zile nyingine. Ushindani wa ajira nchini ulikuwa mkali kiasi kwamba mwezi Juni mwaka 2014 zaidi ya waombaji 10,000 walikusanyika katika Uwanja wa Taifa kugombea nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Pale penye waombaji wengi namna hiyo, mwajiri hutafuta kigezo cha kupunguza, na alama ya Kiingereza hupatikana kwa wepesi.

Sera ya elimu kama ilivyorekebishwa mwaka 2023 imeweka elimu ya lazima ya miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari, na Kiingereza kimebaki lugha ya kufundishia sekondari. Maana yake ni kwamba mchujo wa Darasa la Saba unaondoka. Kwa kizazi cha kwanza tangu Waingereza, mtoto wa Songo Songo atavuka kuingia sekondari bila kuulizwa swali la "although". Mchujo wake wa kwanza utakuwa Kidato cha Nne, katika karatasi ambazo karibu zote, isipokuwa ile ya Kiswahili, zimeandikwa kwa Kiingereza, na ambamo kosa la kihusishi halitampotezea alama moja ya sarufi bali maana ya swali la kemia.